Kuingiza kundi jipya la samaki kwenye tangi lenye kamba: mwongozo kwa mfugaji wa Dodoma

Neoni kumi, wale samaki wadogo wenye mstari unaong'aa, wanashuka salama kutoka Dar, mfuko unaeleshwa tangini nusu saa, kisha wanamiminwa. Siku ya kwanza wanapendeza. Siku ya tatu wawili wamelala chini, wiki inayofuata wamebaki wanne, na kamba nao wameanza kuokotwa mmoja mmoja. Lawama anabeba muuzaji, au safari. Mara nyingi kosa liko kwenye maji ya tangi lenyewe, na hapa Dodoma kosa hilo hujijenga polepole bila mtu kuliona.

Hewa ya huku ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Tangi la lita 60 lililo wazi juu linaweza kupoteza lita tatu hadi tano kwa wiki. Yanayopanda hewani ni maji matupu; chokaa na chumvi hubaki ndani. Mwenye tangi anajazia kwa maji ya bomba, ambayo kwa mji huu sehemu kubwa hutoka visimani na yana madini yake. Wiki ijayo anajazia tena. Baada ya miezi sita maji ya tangi ni mazito kuliko ya bomba, wakati ya dukani alikotoka samaki huenda ni mepesi mara mbili au tatu. Kamba waliozaliwa humo hawaoni shida, wamekua nayo. Mgeni ndiye anayeumia, kwa sababu mwili wake unatakiwa kubadilisha uwiano wa chumvi na maji kwa saa moja, kazi inayohitaji wiki.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mwongozo huu ni kumtoa samaki kwenye maji ya duka na kumfikisha kwenye maji ya tangi lako kwa siku 28, huku ukimchunguza kama amekuja na ugonjwa. Humu "kamba" ni wale wadogo wa maji baridi, Neocaridina davidi, wekundu wanaoitwa cheri pamoja na ndugu zao wa bluu na njano.

Pima kwanza

Unahitaji kipima TDS, kile kidude cha kuchovya kinachoonyesha jumla ya madini yaliyoyeyuka, na vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati, pH (uchachu wa maji), GH (ugumu wa jumla wa maji) na KH (ugumu wa kaboneti, unaotuliza pH). Pima maji ya tangi. Kupima ya bomba pekee hakukuambii kitu. Kwa tangi la kamba lenye samaki wadogo, lenga TDS 200 hadi 400, GH 6 hadi 12, KH 3 hadi 8, pH kati ya 6.8 na 7.8, amonia na nitriti sifuri kabisa, nitrati chini ya 20. Joto liwe nyuzi 22 hadi 26.

TDS ikiwa imepita 500, usinunue samaki bado. Shusha kwa maji laini, yaani yenye madini machache, taratibu. Lita 5 za maji ya mvua zikichukua nafasi ya lita 5 za tangi la lita 60 lenye TDS 600, zinashusha takriban 50. Hapo ndipo mwisho kwa siku moja, na uache siku tatu kabla ya kurudia. Ukishusha kwa pupa, kamba hujivua ganda kabla ya wakati, na wengine hukwama katikati: utaona mstari mweupe umezunguka mwili pale kichwa kinapokutana na mgongo. Akifika hapo, wengi hawaponi.

Kuanzia hapo fuata kanuni moja: maji yaliyokauka yarudishwe kwa maji laini tu. Ya bomba tumia pale unapotoa maji na kuweka mengine.

Maji laini utayapata wapi? Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, basi ni kuweka akiba. Mvua za mwanzo wa msimu ziache zioshe vumbi. Usikinge kwenye bati: zinki ya bati na rangi yake ni sumu kwa kamba. Tandika turubai safi la plastiki kwenye kamba za kuanikia nguo, lipe mwinamo, weka ndoo chini. Hifadhi kwenye madumu yenye vifuniko, kivulini. Kiangazi nunua maji ya kunywa yaliyochujwa kwa mashine, lakini yapime kabla ya kubeba dumu zima, maana baadhi huongezewa madini baada ya kuchujwa. TDS chini ya 50 inafaa.

Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi saa 24 huku pampu ya hewa ikivurumisha, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Ya simtanki yaliyokaa siku kadhaa kwa kawaida hayana klorini tena, ila yakichotwa saa nane mchana yanaweza kuwa moto. Chota asubuhi.

Samaki gani

Ukweli usiopendeza: samaki yeyote ambaye mdomo wake unamtosha mtoto wa kamba atamla akimpata. Mtoto wa kamba anaanguliwa akiwa na milimita mbili hivi. Kwa hiyo swali ni kupoteza wangapi, na je kamba watazaana kwa kasi ya kufidia.

Walio wapole kuliko wote ni emba tetra, mwenye sentimita 2 tu, na danio lulu wa Myanmar anayekaribia ukubwa huo na anayestahimili maji magumu vizuri. Neoni, sentimita 3 na kidogo, ndiye anayepatikana kirahisi; asili yake ni maji laini ya Amazonia, lakini wa madukani wamezalishwa mashambani na wanazoea maji ya kati wakizoeshwa. Zebra danio hasumbuki na chokaa wala baridi ya Juni, hata maji yakishuka hadi nyuzi 18. Ubaya wake ni mbio. Anataka tangi lenye urefu wa sentimita 80, na vichanga vya kamba anavipunguza kuliko neoni. Rasbora halikwini yuko katikati ya hao. Mino wa China wapendao baridi wangefurahia Julai ya Dodoma, ila Oktoba na Novemba ingewatesa.

Usichanganye kamba na baabu chui, enjeli, samaki dhahabu wala sikilidi. Wale warembo wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika wanaotuletea sifa nje ya nchi watamwona kamba kama chakula cha mchana, na cha bei mbaya.

Chukua aina moja, kumi kwa tangi la lita 60. Sita ndiyo chini kabisa. Watatu wa aina hii na watatu wa ile si kundi. Ni samaki sita wenye hofu, na mwenye hofu hujificha au hung'ata wenzake mapezi.

Hali ya kamba nayo iangaliwe. Tangi liwe na miezi mitatu au zaidi, kamba 50 kwenda juu, majike wenye mayai tumboni, na watoto wa ukubwa tofauti. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 kwa wiki tatu hadi nne. Ukileta samaki wakati una kamba kumi tu, hawatapata nafasi ya kuongezeka tena.

Boksi la karantini

Nunua boksi la plastiki la kuhifadhia vitu, la lita 45 hivi, lenye kifuniko. Toboa kifuniko matundu ya hewa. Usiliache wazi, kwa sababu danio huruka. Ndani weka:

- filta ya spanji inayoendeshwa na pampu ya hewa;
- hita ya wati 50;
- vipande vitatu au vinne vya bomba la PVC la inchi moja na nusu, vya kujifichia;
- mosi kidogo (mmea wa majini wa nyuzi nyuzi) au mmea wa plastiki.

Usiweke changarawe. Sakafu tupu inakuonyesha kinyesi, na kinyesi kitakuwa na habari nyingi.

Spanji ndiyo ya kuanza nayo mapema. Iweke ikifanya kazi ndani ya tangi la kamba wiki nne kabla ya samaki kufika, ijae bakteria wanaokula amonia. Siku ya samaki unaihamishia kwenye boksi, itikise kwanza humo humo tangini vichanga vya kamba vitoke. Ukianza na spanji mpya, amonia itapanda siku ya pili, na utakuwa umejenga tangi la kuulia.

Neti, mpira wa kufyonzea na ndoo ya boksi viwe vyake peke yake. Vifunge utepe mwekundu ili hata dada wa nyumbani asivichanganye.

Safari na dakika ishirini za kwanza

Dar hadi Dodoma ni kilomita 450 hivi. Kwa basi ni siku nzima ya kazi. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imeifupisha hadi takriban saa nne, ila uliza kituoni kuhusu kubeba viumbe hai kabla ya kukata tiketi. Mwambie muuzaji asiwalishe saa 24 kabla ya kufunga, ili wasichafue mfuko. Mfuko uwe wa tabaka mbili, pembe za chini zimefungwa kwa mpira samaki wasinase, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni. Uingie kwenye boksi la foamu, giza. Kwenye basi boksi likae miguuni pako. Buti la basi saa saba mchana Morogoro ni tanuri.

Muombe pia apime TDS ya maji yake na kukutumia namba. Tuseme amepata 180. Bomba lako ni 520, mvua uliyohifadhi ni 15. Kwa lita 40 za boksi, changanya lita 13 za bomba na lita 27 za mvua, utapata 179. Kama hana kipimo, weka zile lita 27 za mvua kwenye boksi, lita 13 za bomba ziwe pembeni kwenye ndoo kwa joto lile lile, na ukipokea mfuko upime maji yake, kisha ongeza ya bomba hadi boksi likaribie namba hiyo kwa tofauti isiyozidi 50.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulifanya kinyume. Samaki aliyekaa mfukoni saa nyingi amepumua hewa ukaa, na hewa hiyo imeshusha pH ya maji. Kwenye pH ya chini, amonia anayoitoa samaki hukaa katika umbo lisilodhuru sana. Ukifungua mfuko, hewa ukaa hutoka, pH hupanda ndani ya dakika chache, na ile amonia hugeuka sumu. Kumdondoshea maji kwa saa mbili ndani ya mfuko uliofunguliwa ni kumchemsha kwenye mkojo wake.

Kwa hiyo:

1. Zima taa ya chumba. Elesha mfuko ukiwa umefungwa dakika 20, joto lilingane.
2. Fungua, chovya kipima TDS, thibitisha boksi liko karibu.
3. Mimina samaki na maji kwenye neti juu ya ndoo, waingize kwenye boksi mara moja. Maji ya mfuko mwaga chooni.
4. Usiwalishe hadi kesho yake.

Hii inawezekana kwa sababu umeandaa boksi lifanane na duka. Kama hukuandaa, utalazimika kuchagua kati ya sumu ya amonia na mshtuko wa madini.

Siku 28

Kuanzia siku ya tatu, kila baada ya siku tatu toa lita 8 za boksi, weka lita 8 zilizotolewa kwenye tangi la kamba. Hapo ndipo ujanja wote ulipo: maji ambayo ungeyamwaga ndiyo yanayomfundisha samaki nyumba anayokwenda. Tangi likiwa na 450 na boksi limeanza na 180, namba zitakwenda hivi: 234, 277, 312, 339, 362, 379, 393, 405, na mara ya tisa 414. Hatua kubwa iko mwanzo na haizidi 54, kisha zinapungua zenyewe. Mwisho wa mwezi tofauti ni 36, ambayo neoni hataihisi.

Maji yaende upande mmoja tu, kutoka tangini kwenda kwenye boksi. Hata tone lisirudi.

Tangi la kamba nalo linapokea lita 8 mpya kila siku tatu, basi maji hayo yachanganywe kabla ili yawe na TDS ile ile ya 450. Kwa namba za juu, hiyo ni lita 6.9 za bomba na lita 1.1 za mvua.

Lisha mara mbili kwa siku, kidogo kinachoisha ndani ya dakika mbili: chakula cha vipande kilichosagwa kwa vidole, au viluwiluwi vya mbu kutoka ndoo safi uliyoiacha wazi nje kwa makusudi. Pima amonia na nitriti siku ya 2, ya 4 na ya 7. Ikionekana yoyote, punguza chakula na badilisha robo ya maji kwa mchanganyiko wenye TDS ya boksi ya siku hiyo.

Kila jioni kaa mbele ya boksi dakika tano na tochi. Unatazama hivi:

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi: ni ugonjwa wa vidoa. Pandisha joto taratibu, ndani ya siku mbili, hadi nyuzi 30, ongeza hewa, weka chumvi gramu 2 kwa lita. Kwa lita 40 ni gramu 80, karibu vijiko vitano vya chakula, igawe mara tatu ndani ya siku moja. Endelea siku 10 hadi 14. Kwenye joto hilo kimelea hukimbiza mzunguko wake, na vichanga vyake vinapoogelea kutafuta samaki wa kumshika ndipo chumvi inapovikuta. Kumbuka chumvi itapandisha TDS kwa 2000 hivi, kwa hiyo kipima chako hakina maana hadi uiondoe yote kwa kubadilisha maji. Hesabu ya siku 28 inaanza upya siku doa la mwisho lilipopotea.

Nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja kubwa samaki akitulia: minyoo. Levamisoli huiua, na maduka ya dawa za mifugo yanayo kwa ajili ya mbuzi na kondoo. Soma lebo mpaka mwisho. Nyingi zimechanganywa na dawa ya pili ya minyoo ya ini, hizo ziache. Inayofaa ni levamisoli peke yake, miligramu 2 kwa lita. Kama ni ya asilimia 1.5, lita 40 zinataka mililita 5.3, pima kwa sirinji. Funika boksi giza saa 24, fyonza sakafu yote, badilisha nusu ya maji, rudia baada ya wiki tatu.

Neoni aliyepauka mstari, mwenye mabaka meupe ndani ya nyama na mgongo unaopinda, akijitenga na wenzake usiku: huu ni ugonjwa wa neoni. Hauna dawa. Mtoe siku hiyo hiyo, kwa sababu wenzake wakimdonoa akifa wanaumeza. Akitokea wa pili, ongeza wiki nne nyingine.

Dawa zenye shaba, ambazo ndizo nyingi kwenye rafu, kwenye boksi unaweza kuzitumia. Lakini ukifanya hivyo, spanji ile isiguse tangi la kamba tena maisha yake yote, maana shaba hujificha humo na kutoka taratibu.

Tangi la kamba wakati huo

Wiki hizi nne tumia kuongeza maficho. Mosi ndiyo bora. Shada la ukubwa wa ngumi mbili kila kona ya nyuma, na magugumaji ya kuelea ya honiwoti juu. Halafu lundo la mawe ya sentimita 1 hadi 3, lijengwe kwenye kona hadi kimo cha kiganja. Nafasi kati ya mawe zinampitisha mtoto wa kamba na kumzuia samaki. Mawe ya graniti tunayo kila kilima. Yasugue kwa brashi bila sabuni, dondoshea siki. Likitoa mapovu lina chokaa, liache. Majani makavu ya mkungu yaliyoanguka yenyewe, moja au mawili, yanampa kamba chakula na paa.

Mdomo wa filta uvike spanji. Kama umeme unakatika mtaani kwako, pampu ya hewa ya betri iwe karibu. Samaki kumi wapya wanakula oksijeni ambayo kamba peke yao hawakuwahi kuimaliza.

Kuhusu sumu hatutapita haraka, kwa sababu hapa ndipo tangi zima la kamba linapofutika kwa usiku mmoja wakati samaki wanabaki wakiogelea. Dawa za kupuliza mbu na mende zimetengenezwa kuua wadudu, na kamba kimwili ni binamu wa wadudu. Siku ya kupuliza, hamisha pampu ya hewa chumba kingine ikiwezekana au izime, funika tangi kwa plastiki na taulo lenye unyevu, fungua madirisha saa kadhaa kabla ya kuwasha tena. Chandarua chenye dawa, hata kile kizee kilichofuliwa mara nyingi, usikikate kutengenezea neti wala kufunikia filta. Ndoo au bomba la mgongoni lililowahi kubeba dawa ya ukungu ya zabibu, ambayo mara nyingi ina shaba, lisikaribie maji yako. Na Dodoma ndoo hizo zimejaa kila ua. Mchicha wa sokoni unaowapa kamba uoshe, uloweke, kisha uchemshe dakika mbili. Bora ule uliopanda mwenyewe.

Jioni ya kuhamisha

Chagua jioni. Walishe samaki vizuri mchana, wasifike na njaa. Wakusanye kwa jagi lililotobolewa badala ya neti, waweke kwenye ndoo yenye lita 3 za maji ya boksi.

Kwa kudondosha maji nunua seti ya dripu duka la dawa. Ule mpira wake una gurudumu dogo la kubania na kichupa cha kuonyesha matone, kazi ambayo wengine hujisumbua kuifanya kwa fundo. Ncha moja tangini, nyingine ndani ya ndoo iliyo chini, vuta maji, kisha bana hadi matone mawili au matatu kwa sekunde. Matone 20 ya dripu ya kawaida ni mililita 1, kwa hiyo saa moja itakupa takriban nusu lita. Kwa tofauti ya 36 hiyo inatosha. Ikiwa bado una tofauti ya 100, legeza gurudumu uende saa mbili hadi maji ya ndoo yawe karibu mara mbili.

Zima taa ya tangi. Hamisha samaki kwa kikombe, mmoja au wawili, bila kumwaga maji ya ndoo ndani. Kisha ichukue spanji ya boksi na uiweke tangini, ikae wiki nne. Hii ndiyo sababu unaweza kuingiza kumi kwa pamoja: kamba huchafua maji kidogo sana, bakteria wa tangi lao ni wachache, na spanji inaleta jeshi lililozoea kuwahudumia samaki hao hao. Kama ilipitia dawa ya shaba, huna jeshi. Ingiza watano, subiri wiki tatu, ingiza watano waliobaki.

Taa ibaki imezimwa hadi kesho mchana.

Siku zinazofuata

Siku mbili tatu za mwanzo samaki wataogelea wamebanana, wakigeuka kwa pamoja kama ndege. Wengi hupiga picha siku hiyo. Baadaye watatawanyika, na mwenye tangi huuliza kundi limeharibikaje. Halijaharibika; hofu imeisha. Watabanana tena ukipitisha mkono mbele ya kioo.

Kamba watapotea machoni kwa siku kadhaa. Magamba matupu, meupe na angavu, ni ya kujivua, yaache wayale. Mwili mzito wa rangi ya waridi iliyofifia ni mzoga, utoe. Kamba wakianza kuogelea ovyo huku na huku wote kwa pamoja, shuku sumu au amonia: badilisha theluthi ya maji mara moja kwa maji ya TDS sawa. Wakipanda wote juu kwenye uso wa maji, shuku upungufu wa hewa, hasa Oktoba maji yanapopata joto. Feni ndogo ikipuliza uso wa maji inaweza kushusha nyuzi 2 hadi 4 kwenye hewa yetu kavu. Lakini inakausha pia, basi dumu la maji ya mvua liwe tayari.

Pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki ya kwanza. Chakula cha kamba wape taa ikizimwa, kwenye kona yenye mosi, samaki wakiwa wamelala.

Wiki ya sita, saa mbili baada ya kuzima taa, chukua tochi uhesabu. Ukiona kamba wa ukubwa tatu tofauti, pamoja na vile vya milimita tano, tangi limejipatia uwiano wake. Ukiona wakubwa tu, ongeza shada la mosi, kisha watoe majike watatu au wanne wenye mayai uwapeleke kwenye lile boksi la karantini ambalo sasa limekaa bure, kwa maji ya tangi na spanji ile uliyoahidi kuirudisha baada ya wiki nne. Hii ni kwa boksi ambalo halikuguswa na shaba. Lililoguswa lina kazi moja tu: kupokea samaki wengine.